Lugha ya Mwanafunzi katika Somo la Kiingereza: Historia ya Katazo na Maoni ya Walimu

Utangulizi

Mwalimu wa Kiingereza anayefundisha Bukavu, Goma, Kisangani au Lubumbashi husimama mbele ya wanafunzi wanaozungumza Kiswahili uwanjani, wanaosomeshwa hesabu na jiografia kwa Kifaransa, na ambao wengi wao husikia nyumbani lugha nyingine tena: Kimashi, Kilega, Kinande, Kiluba au Kibemba. Aonapo kwamba sentensi yake ya Kiingereza haikueleweka, ana njia tatu. Aweza kuirudia kwa Kiingereza, kwa ishara na kwa picha, mpaka ieleweke. Aweza kuifasiri kwa Kifaransa, kama desturi ya shule inavyotazamia. Au aweza kusema neno moja la Kiswahili na kuendelea na somo. Njia ya tatu ndiyo fupi, na ndiyo inayoonewa haya.

Makala haya yanachunguza asili ya haya hiyo. Tunakusudia kuonyesha kwamba katazo la kutumia lugha ya mwanafunzi katika somo la Kiingereza halikuzaliwa katika madarasa yanayofanana na yetu, na kwamba halikutokana na ushahidi uliokusanywa kwa walimu wa madarasa hayo. Lilizaliwa katika mazingira maalumu, likasafiri, na lilipotufikia lilikuwa limekwisha kuvaa sura ya sheria ya elimu. Tutaonyesha pia kwamba walimu, kwa jumla, walilikubali kwa kauli na kuliacha kwa tendo. Pengo hilo baina ya kauli na tendo lina hasara yake, nayo ndiyo inayotushughulisha zaidi: jambo linalofanywa kwa kificho halijadiliwi, na lisilojadiliwa haliboreshwi.

1. Asili ya katazo

Katika karne ya 19, shule za Ulaya zilifundisha lugha za kigeni kwa namna ile ile zilivyofundisha Kilatini na Kiyunani. Mwanafunzi alikariri kanuni za sarufi na orodha za maneno, kisha akafasiri sentensi kutoka lugha moja hadi nyingine. Aliweza kuhitimu bila kupata kusema hata sentensi moja kwa ufasaha. Dhidi ya hali hiyo Wilhelm Viëtor alitoa kijitabu chake huko Ujerumani mwaka 1882, akidai kwamba ufundishaji wa lugha hauna budi kubadili mwelekeo. Wanamageuzi waliomfuata walitaka usemaji utangulie maandishi, fonetiki ifundishwe, na sentensi zitolewe katika matini yenye maana badala ya kutungwa ili kupima kanuni tu.

Yafaa kukumbuka kwamba wengi wa wanazuoni hao hawakuifukuza lugha ya mwanafunzi darasani. Henry Sweet, katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya ujifunzaji wa lugha, alikubali kuwa tafsiri ina kazi yake katika kueleza maana. Harold Palmer naye, aliyeandika mwaka 1917 kabla ya kwenda Japani mwaka 1922, hakuona sababu ya kuikataza tafsiri mahali ambapo ndiyo njia fupi na ya hakika ya kumfahamisha mwanafunzi.

Katazo lenyewe lilitoka upande mwingine, yaani katika shule za biashara. Maximilian Berlitz alifungua shule yake huko Providence, Marekani, mwaka 1878. Yasimuliwa kwamba aliugua, akamwachia darasa msaidizi Mfaransa asiyejua Kiingereza. Aliporudi akakuta wanafunzi wanazungumza Kifaransa kwa uchangamfu kuliko alivyowaacha. Kutokana na tukio hilo, kama isimuliwavyo, ilijengwa njia ambayo lugha inayofundishwa ndiyo pekee inayoruhusiwa kusikika darasani.

Tuyatazame mazingira ya njia hiyo. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wachache, waliojilipia ada kwa hiari yao. Mwalimu alikuwa mzungumzaji mzawa wa lugha aliyoifundisha, na mara nyingi hakuijua lugha ya wanafunzi wake. Katika miji iliyopokea wahamiaji, wanafunzi wenyewe huenda hawakuwa na lugha moja ya pamoja. Mahali kama hapo, kuacha lugha ya mwanafunzi hakukuwa uchaguzi wa kifalsafa, kulikuwa lazima. Njia hiyo ilifaa mahali pake. Tatizo lilianza lazima hiyo ilipogeuzwa kuwa kanuni kwa kila darasa duniani.

2. Katazo linafika Afrika

Lilipofika Afrika ya Mashariki, katazo hilo lilikutana na siasa ya lugha iliyokuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja, waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1925 juu ya elimu katika Afrika ya tropiki uliunga mkono matumizi ya lugha za Kiafrika katika shule. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya maeneo ya Afrika ya Mashariki ili kusanifisha lugha hiyo kwa ajili ya vitabu na shule. Kwa upande wa pili, Kiingereza ndicho kilichofungua mlango wa sekondari na wa kazi ya ofisini, na nafasi zilikuwa chache mno.

Kutokana na uchache huo katazo lilipata sura mpya, sura ya nidhamu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni, ameeleza jinsi mtoto wa Kenya aliyesikika akisema Kigĩkũyũ karibu na shule alivyochapwa viboko au kuvikwa bamba shingoni. Adhabu za namna hiyo zilijulikana pia katika shule nyingi za Afrika zilizofundisha kwa Kifaransa. Hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili ambayo yamechanganywa kwa muda mrefu. Njia ya Berlitz ilisema kwamba lugha ya mwanafunzi haihitajiki katika kufundisha. Bamba la shingoni lilisema kwamba lugha ya mwanafunzi ni kosa. La kwanza ni dai la ualimu, nalo laweza kupimwa. La pili ni hukumu juu ya watu. Lakini mtoto aliyepitia yote mawili hakuwa na namna ya kuyatenganisha, na baadhi ya watoto hao ndio waliokuja kuwa walimu.

Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha taarifa ya wataalamu juu ya matumizi ya lugha za wenyeji katika elimu, ikisisitiza kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha mama yake. Hata hivyo, miaka minne tu baadaye, mwaka 1957, kituo maalumu cha Nairobi kilianza kujaribu kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za watoto wa Kiasia. Mpango huo ulienezwa baadaye katika shule za Waafrika. Kwa hiyo, uhuru ulipokaribia, maoni yaliyopingana yalikuwa mezani kwa wakati mmoja.

3. Mkutano wa Makerere, 1961

Mnamo Januari 1961 ulifanyika katika Chuo cha Makerere, Kampala, mkutano wa Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Usichanganywe na mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika mahali pale pale mwaka 1962. Mataifa mapya yalikuwa yakizaliwa, yakihitaji walimu wengi kwa muda mfupi, na wataalamu waliokutana walitakiwa kupendekeza namna ya kuwaandaa, vitabu vya kutumia na utafiti wa kufanya.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 1992, Robert Phillipson alirejea taarifa ya mkutano huo katika kitabu chake juu ya ubeberu wa lugha. Alitoa humo imani tano ambazo, kwa maoni yake, ziliongoza taaluma nzima: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni mzungumzaji mzawa, kwamba heri kuanza mapema, kwamba kadiri Kiingereza kinavyotumika zaidi darasani ndivyo matokeo yanavyokuwa bora, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson aliziita zote tano udanganyifu wa hoja.

Haitupasi kuwadhania nia mbaya wote waliokutana Makerere, wala kudhani kwamba mkutano mmoja waweza kubuni itikadi nzima. Lakini swali la kihistoria linabaki: imani hizo zilimfaa nani? Mtaalamu anayetumwa kutoka London leo Kampala, kesho Lagos, kesho kutwa Kuala Lumpur, hawezi kujifunza lugha za wanafunzi wote hao. Kitabu kimoja chaweza kuuzwa katika nchi 20 iwapo tu hakina neno la lugha ya nchi yoyote. Kanuni ya Kiingereza peke yake iliyafanya maarifa ya mgeni kuwa maarifa makuu, na maarifa ya mwalimu mwenyeji, yaani kuijua lugha ya wanafunzi wake, kuwa kitu cha kuficha. Aliyekuwa na lugha mbili alihesabiwa kuwa na upungufu mbele ya aliyekuwa na moja.

4. Kauli na tendo

Je, walimu wenyewe walisema nini? Tanzania yatupa mfano ulio wazi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Kiingereza kikabaki lugha ya sekondari. Mwaka 1982 tume ya rais ilipendekeza Kiswahili kiingie pia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuatilia masomo yao. Watafiti wa Tanzania yenyewe, kama Casmir Rubagumya katika kitabu alichohariri mwaka 1990, na Zaline Roy-Campbell pamoja na Martha Qorro katika kitabu chao cha mwaka 1997, walieleza jinsi Kiswahili kilivyokuwa kikitumika kwa wingi mahali ambapo sera ilitaka Kiingereza.

Ni kweli kwamba utafiti huo ulihusu zaidi masomo mengine yaliyofundishwa kwa Kiingereza kuliko somo la Kiingereza lenyewe. Lakini mwenendo ni ule ule. Sera husema jambo moja. Mwalimu, akiona nyuso zisizoelewa mbele yake, hufanya jingine. Na mkaguzi akiingia, hurudi kwenye Kiingereza.

Katika miaka hiyo hiyo wanataaluma wa nje walianza kusema waziwazi yale ambayo walimu walikuwa wakiyafanya. David Atkinson aliandika mwaka 1987 kwamba lugha mama ni nyenzo iliyopuuzwa. Elsa Auerbach, aliyefanya kazi na wahamiaji nchini Marekani, alidai mwaka 1993 kwamba kanuni ya Kiingereza peke yake inatokana na siasa zaidi ya ualimu. Mwaka 2013 Graham Hall na Guy Cook walichapisha uchunguzi uliowauliza walimu 2,785 katika nchi 111. Picha iliyopatikana haikuwa ya kambi mbili zinazopigana. Walimu wengi walitaka Kiingereza kiwe lugha kuu ya somo. Na walimu wengi hao hao walikiri kwamba hutumia lugha ya wanafunzi, hasa kueleza msamiati na maana iliyoshindikana. Maoni ya mwalimu wa kawaida, basi, hayako Berlitz wala hayako katika sarufi na tafsiri. Yako katikati, na hapo katikati hakuna mwongozo wa kutosha.

5. Kongo: lugha ya mwanafunzi ni ipi?

Kongo haikuwa nchi ya Jumuiya ya Madola, na mapendekezo ya Makerere hayakutungwa kwa ajili yake. Hata hivyo mawazo ya ualimu hupita mipaka kwa vitabu vya kiada na kwa vyuo vya ualimu. Tena Kiingereza si mgeni wa jana katika Katanga. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikileta wafanyakazi na wafanyabiashara waliozoea Kiingereza. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba hofu ya Wabelgiji juu ya mvuto huo wa Waingereza ilikuwa miongoni mwa sababu za kukuza Kiswahili katika migodi.

Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, madarasa ya chini yaliyoendeshwa na misheni yalifundisha kwa kawaida kwa lugha za Kiafrika, na Kifaransa kilikuwa cha wachache waliopanda. Baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Semina ya kwanza ya wanaisimu wa Zaire, iliyofanyika Lubumbashi mwezi Mei 1974, ilitetea nafasi ya lugha za taifa katika elimu. Katiba ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua kuwa lugha za kufundishia na masomo ya kufundishwa.

Katika historia hiyo, swali la lugha ya mwanafunzi katika somo la Kiingereza lilipata jibu la ajabu. Pale ambapo mwalimu wa Kongo aliruhusiwa kufasiri, alifasiri kwa Kifaransa. Lugha ya kigeni ilifafanuliwa kwa lugha nyingine ya kigeni, kana kwamba Kifaransa ndicho lugha mama ya mtoto wa Uvira. Je, jambo hilo lina madhara? Mifano mitatu yatosha.

Mfano wa kwanza ni wa nyakati. Kiswahili sanifu hutofautisha "alifika jana" na "amefika". Kiingereza nacho hutofautisha "he arrived yesterday" na "he has arrived". Kifaransa cha mazungumzo hutumia umbo moja, "il est arrivé", kwa hali zote mbili. Mwalimu anayefafanua kwa Kifaransa hulazimika kujenga upya tofauti ambayo mwanafunzi anayo tayari mdomoni. Mlingano huo si kamili: "amesimama" na "amelala" hutaja hali ya sasa, na Kiswahili cha Lubumbashi hakifuati nyakati zote za Kiswahili sanifu. Ndiyo maana mwalimu hana budi kuanza na usemaji halisi wa wanafunzi wake.

Mfano wa pili ni wa majibu. Mwanafunzi aulizwapo kwa Kiingereza kama hakusoma, naye kweli hakusoma, hujibu "yes", kwa kuwa kwa Kiswahili angesema "Ndiyo, sikusoma". Anathibitisha kauli ya muulizaji. Kiingereza hutaka "no", na Kifaransa "non". Mwalimu asiyejua chanzo cha jibu hilo atamdhania mwanafunzi kuwa hakuelewa swali, au, vibaya zaidi, kwamba anadanganya.

Mfano wa tatu unakipa Kifaransa haki yake. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi "yeye", na hapa "il" na "elle" humsaidia mwanafunzi kufahamu "he" na "she". Lakini msaada huo una mpaka, kwa maana Kifaransa huvipa jinsia hata vitu, na mwanafunzi huweza kuiita meza "she". Hivyo kila lugha aliyonayo mwanafunzi yaweza kuwa taa mahali fulani na kivuli mahali pengine. Mwalimu anayezijua zote tatu huona mambo ambayo mgeni mwenye lugha moja hawezi kuyaona.

6. Hoja za wanaokataa

Wapo walimu wanaolitetea katazo, na hoja zao si nyepesi. Hoja ya kwanza ni ya muda. Mwanafunzi wa Bukavu au Kindu hasikii Kiingereza kingi nje ya darasa. Kila dakika inayopewa Kiswahili imetolewa katika akiba ndogo. Hoja ya pili ni ya mazoea: mwanafunzi akijua kwamba tafsiri itafuata, haoni haja ya kuisikiliza sentensi ya Kiingereza. Hoja ya tatu ni ya haki: katika darasa moja Kiswahili huenda ni lugha mama ya baadhi na lugha ya soko tu kwa wengine.

Hoja mbili za kwanza zapinga matumizi yasiyo na kipimo. Hazipingi matumizi yenye shabaha. Neno moja la Kiswahili likiokoa dakika tano za ishara zisizoeleweka, dakika nne zilizobaki zarudi kwa Kiingereza. Kufasiri kila sentensi ni jambo tofauti kabisa, na Sweet na Palmer wangelikataa. Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo yatuonya tusiweke kanuni mpya ya jumla mahali pa ile ya zamani. Lakini haitoshi kuhalalisha Kifaransa peke yake, ambacho ni lugha mama ya wachache zaidi.

Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni ya Kiingereza peke yake ilizaliwa mahali ambapo haikuepukika, ikapewa nguvu ya nidhamu katika shule za kikoloni, ikapata heshima ya taaluma katika kizazi cha Makerere, na ikaendelea kukiriwa na walimu ambao kazi yao ya kila siku iliikanusha. Kosa la walimu hao, kama ni kosa, si kusema Kiswahili darasani. Hasara ni kwamba maarifa yao hayakuandikwa. Kila mwalimu aliyegundua kwa nini wanafunzi wake hujibu "yes" mahali pa "no" aligundua peke yake, akastaafu nayo, na aliyemfuata akaanza upya.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ambayo shughuli zake zimeendeshwa kwa muda mrefu kwa Kiingereza. Vijana wetu watahitaji lugha hiyo mpakani, mahakamani na katika mikataba. Na jirani watakayekutana naye huko mara nyingi atakuwa na Kiswahili pia. Idara za Kiingereza na za Kiswahili katika vyuo vyetu, ambazo aghalabu hazifanyi kazi pamoja, zingeweza kuanza na kazi ndogo: kurekodi masomo halisi, kuorodhesha mahali ambapo walimu hugeukia Kiswahili, na kulinganisha miundo ya Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili cha kila mji kwa mahitaji ya darasa. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Yahitaji kwanza mwalimu aulizwe anachofanya, bila mkaguzi mlangoni, na jibu lake liandikwe.